Shahada ya Kasuku: Swichi ya Baba Mkubwa

Mkono wa baba yake Kasuku ulikuwa umeshika swichi.

Wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa misumari dukani kabla hujalisoma, sogea nikukumbushe upesi. Tuko ndani ya kiwanda cha sabuni. Boila mpya, mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, imesimama mbele ya wageni waalikwa, imezungushiwa utepe mwekundu kama bibi harusi aliyelazimishwa. Juu yake, kwenye jukwaa la chuma katikati ya mabomba, yuko mhandisi Mjerumani aliyekuja kuikagua. Kiingereza chake kinaishia kwenye kuomba maji ya kunywa. Kwa hiyo Baba Mkubwa, mwenye kiwanda, amemsimamisha mwanawe awe mkalimani. Ni yule kijana tunayemwita Ulaya, kwa sababu alikaa huko miaka sita na hajaacha kutuambia.

Mhandisi ameinama ghafla, ameona kitu, amepiga kelele sentensi moja. Na Ulaya, mikono mifukoni, amesema: "Anasema washeni."

Swichi ile ni ya kupandisha na kushusha. Ukiipandisha, moto mdogo uliowaka tangu asubuhi unageuka moto mkubwa. Ukiishusha, mtambo unazimika.

Mlangoni, na trei ya soda mikononi, alikuwa amesimama Kasuku, binti wa huyo aliyeshika swichi. Mwaka wa tatu chuo kikuu, shahada ya lugha za kigeni. Naye alikuwa amemsikia mhandisi akisema "zimeni".

Trei ikaanguka.

"Baba, usipandishe! Kasema zima!"

Wageni wakageuka. Soda ikatiririka mpaka kwenye viatu vya mgeni rasmi, mama mmoja mnene mwenye maduka ya jumla, ambaye Baba Mkubwa alikuwa amembembeleza mwezi mzima aje.

"Nani kakuita wewe?" Baba Mkubwa aliuliza. Hakupaza sauti. Wenye mali hawapazi sauti, wanapaza macho.

"Baba Mkubwa, amesema mashine izimwe. Nimesikia vizuri."

Ulaya akachekea puani. "Mdogo wangu, hicho unachokijua wewe ni Kijerumani cha vitabuni. Mimi nimekiishi. Kule watu hawaongei kama vitabu."

Sasa nikueleze kosa lake, maana ni dogo kuliko punje ya mtama. Kijerumani kina vitenzi vyenye mkia. Mtu husema nusu ya kitenzi mwanzoni mwa sentensi, akazunguka zunguka anakotaka, na mwishoni kabisa ndipo anaitupa ile nusu iliyobaki. Mkia ukiwa *ein*, maana yake washa. Ukiwa *aus*, zima. Mkia wa mhandisi ulikuwa *aus*. Lakini Ulaya alisikia mwanzo, akaridhika. Ndiyo tabia yake. Hata shule zote alizopita alizisikia mwanzo tu.

"Miaka mitatu!" Shangazi akadakia kutoka mstari wa mbele. Ni dada yao Baba Mkubwa na baba yake Kasuku, na kazi yake kwenye shughuli yoyote ni kukaa mbele na kudakia. "Miaka mitatu mtoto wa watu anasomea kusalimia! Wenzake wanasomea udaktari, wanasomea sheria, yeye anasomea 'habari za asubuhi'! Na asubuhi yenyewe anachelewa kuamka!"

Wageni wakacheka. Kicheko cha wageni ni cha adabu tu, lakini kinakata vilevile.

Juu ya jukwaa mhandisi akapiga kelele tena, safari hii akipunga mikono yote miwili.

"Ona," Ulaya akasema. "Anashangilia. Wenzetu wanapenda kazi, si kama sisi. Anauliza mbona mnachelewa."

"Anashangilia nini, kaka? Uso ule ni wa kushangilia?"

"Wee Kasuku!" Baba Mkubwa akamkatiza. Jina hilo alimpa yeye mwenyewe, siku binti alipotangaza atasomea lugha. Alisema hata kasuku anaongea, na hajafika chuo. Ukoo mzima ulicheka, jina likaganda. "Jumatatu unaanza uhasibu ofisini kwangu, chini ya kaka yako. Kikao cha ukoo kilishaamua. Hizo lugha zako zimekwisha, na leo umezizika mwenyewe kwa aibu. Okota chupa."

Kasuku hakuokota. Alimtazama baba yake.

Na huyu baba, jamani, tumseme. Ni msimamizi wa mitambo, mtu mzuri, mpole, mchapakazi. Lakini kaka yake akikohoa, yeye ndiye anayesafisha koo. Tangu utotoni hajawahi kumwambia hapana. Alisimama pale na ovaroli lake la kijivu, jasho likimtiririka shingoni, akimwangalia binti yake, kisha kaka yake, kisha binti yake.

"Kaka," akasema, "labda tumwulize tena mhandisi..."

"Tumwulize kwa mdomo wa nani? Wa Kasuku? Pandisha."

"Kaka, mtoto anasema..."

"Nimesema pandisha."

Akapandisha.

Naam. Ulitaka nikudanganye kwamba alimsikiliza binti yake? Akapandisha, na alifumba macho alipokuwa akipandisha.

Boila ikanguruma. Wageni wakapiga makofi. Baba Mkubwa akafungua kitufe cha koti ili picha zitoke vizuri. Mshale wa kipimo ukaanza kutembea, ukapita alama ya kijani bila kusalimia, ukaingia ya njano. Mabomba yakaanza kutetemeka, kwanza kama mtu mwenye baridi, halafu kama mtu mwenye degedege. Makofi yakapungua, mmoja mmoja, mpaka akabaki anapiga makofi Shangazi peke yake.

"Ni kawaida hiyo?" mama wa maduka ya jumla akauliza.

Wa kwanza kujibu alikuwa Ulaya. Alijibu kwa miguu. Lugha ya hatari haitaki shahada, na hiyo aliielewa kwa ufasaha. Alimkanyaga mpiga picha, akampiga kikumbo baba yake mzazi, akafungua mlango wa kwanza aliouona, akajifungia ndani. Ilikuwa stoo ya maboksi. Haina dirisha.

Baba yake Kasuku akaishusha swichi. Moto ukazimika. Lakini mshale haukurudi. Maji yaliyokuwa tayari yamechemka yalikuwa yanatafuta pa kutokea na hayapaoni, na mshale ukaendelea kupanda, taratibu, kuelekea nyekundu.

Chini ya boila palikuwa na gurudumu la chuma la kuzungusha vali. Akalidaka kwa mikono yote miwili, kisha akasita. Mtambo ulikuwa mgeni kwake. Alizungushe upande gani? Kukosea kungekuwa ni kukosea mara moja tu.

"Mhandisi!" akaita. "Nifanye nini?"

Mhandisi hakuweza kushuka. Bomba lilikuwa limepasuka kwenye ngazi, na mvuke ulikuwa unatoka pale kwa mluzi wa kutoboa masikio. Aliinama ukingoni mwa jukwaa akapiga kelele kwa nguvu zake zote.

Kasuku akavua viatu, akakimbia kinyume na watu wote waliokuwa wanakimbia, akasimama chini ya jukwaa na uso juu.

"Anasemaje?" baba yake akalia. "Mwanangu, anasemaje?"

"Anasema gurudumu hilo..."

Akanyamaza.

Maana mhandisi alikuwa ametumia kitenzi chenye mkia. Mwanzo wake aliusikia: zungusha. Gurudumu alilisikia. Lakini mkia ulimezwa na mluzi wa mvuke. Ukiwa *auf*, fungua. Ukiwa *zu*, funga. Silabi moja tu, na mvuke ulikuwa umeila.

"Nifungue au nifunge?" baba yake alipiga kelele. "Sema chochote!"

Hapo ndipo utajua mtu aliyesoma na mtu aliyekwenda kutembea. Ulaya angesema chochote. Ulaya ameishi maisha yake yote kwa kusema chochote. Lakini Kasuku alikuwa amefundishwa ukalimani na mwalimu mmoja mkali, mwanamke mfupi anayefungulia redio mwisho wa sauti darasani, anaamuru nusu ya wanafunzi wagonge meza, halafu anamtaka mwanafunzi mmoja atafsiri. Ukibahatisha, unatolewa nje. Ukisema "samahani, sijasikia", unapata alama. Kasuku alitolewa nje mara nyingi mno mpaka akajifunza kwamba kutokusikia si aibu.

"Sijasikia!" akamwambia baba yake. "Usiguse kitu! Sijasikia!"

"Mshale umefika nyekundu!"

"Usiguse!"

Akakusanya pumzi yote aliyokuwa nayo, akaitupa juu kwa Kijerumani, maneno matatu tu: "*Auf oder zu?*"

Mhandisi akamwona. Akaelewa kwamba huku chini, hatimaye, kuna mtu. Akaweka viganja mdomoni kama tarumbeta.

"*Auf!*"

"Fungua, baba! Fungua yote!"

Gurudumu lilikuwa la moto. Alilishika hivyohivyo, ngozi ikabaki kwenye chuma, akalizungusha. Likakataa. Akaliwekea bega. Kasuku akaja akashika naye kwa upindo wa sketi yake. Likalegea.

Nje ya ukuta, mvuke ukatoka kwa kishindo kilichowafanya wapita njia walale chini. Madirisha yalitetemeka. Wigi la Shangazi lilimponyoka likaenda kutua kwenye bakuli la maua. Halafu mshale ukatikisika, ukafikiria, ukaanza kushuka.

Hakuna aliyekufa. Nasema mapema, maana najua wengine wenu mnasoma huku mmeshika kifua.

Walipotulia, mhandisi akashuka kwa kamba, mweusi kwa masizi. Hakumwangalia mwenye kiwanda. Alikwenda moja kwa moja kwa Kasuku, akampa mkono, akauliza swali fupi.

"Anauliza yuko wapi mkalimani," Kasuku akatafsiri.

Wakafungua stoo. Ulaya akatoka na vumbi la maboksi kichwani, akatabasamu, akapiga hatua mbele kama mtu aliyeitwa kupewa zawadi.

Mhandisi akamwuliza jambo, polepole, kwa sauti ya kumsemesha mtoto.

"*Ja, ja,*" Ulaya akajibu. "*Sehr gut.*"

Mhandisi akamtazama. Akamwuliza tena.

"*Sehr gut,*" Ulaya akasisitiza.

"Amekuuliza," Kasuku akasema, "ulisoma chuo gani. Umemjibu 'vizuri sana'. Akakuuliza tena, chuo gani. Umemjibu 'vizuri sana'."

Mama wa maduka ya jumla alicheka peke yake, na safari hii si kwa adabu.

"Mwanangu," Baba Mkubwa akasema. Kope zilimcheza. "Mweleze huyu mtoto. Waeleze wageni. Shahada yako ya lugha ni ya chuo gani?"

Ulaya akaangalia viatu vyake. "Nilianza," akasema.

"Ulianza nini?"

"Chuo. Muhula mmoja. Ile mikia ya vitenzi, baba... ile mikia ni ukatili. Nikaacha."

"Na miaka iliyobaki?"

"Nilikuwa napakia samaki kwenye ghala la barafu. Wenzangu wote wageni kama mimi. Tulikuwa tunaongea kwa ishara."

Kazi ya samaki haina aibu, tuelewane. Inalisha watu. Aibu ni kuvaa koti la kazi usiyoijua, ukasimama mbele ya boila, ukaweka roho za watu kwenye neno ulilolibahatisha.

Shangazi, kichwa wazi, alikuwa kimya. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza.

Baba Mkubwa akamgeukia Kasuku, na sura yake ikabadilika kama tangazo la ukutani linapobanduliwa na kubandikwa jingine. "Binti yangu. Mwanangu kabisa. Njoo. Wewe ndiye utakayetutafsiria kuanzia sasa."

"Kwa masharti, Baba Mkubwa."

"Masharti? Kwangu?"

"Sianzi uhasibu Jumatatu. Narudi chuo, namaliza shahada yangu. Na hutakaa tena kikao juu yangu mimi nikiwa jikoni. Sema sasa hivi, mbele ya wageni, kwa sauti."

"Haya, haya. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani hakuna mashahidi." Akajifuta mikono. "Au mtumie kaka. Kijerumani chake ni cha kuishi."

Wageni walikuwa wanasikiliza. Mpiga picha alikuwa ameinua kamera. Baba Mkubwa akatafuta sura ya kumwokoa, asiipate.

"Atamaliza shahada yake," akasema huku ameuma meno. "Ya lugha. Nimebariki."

"Kwa sauti, Baba Mkubwa. Kuna waliokaa nyuma."

"NIMEBARIKI!"

Ingekuwa hadithi nyingine ningeishia hapo, binti akibebwa juujuu. Lakini mhandisi alikuwa amepanda tena ngazi, na sasa alikuwa anashuka na kitu mkononi. Kipande cha waya mnene, kimekatwa. Akakiinua kila mtu akione, akaanza kusema, kwa sauti tulivu, akimtazama Kasuku peke yake.

Alisema hivi. Juu ya boila kuna vali ya usalama, inayojifungua yenyewe mvuke ukizidi. Leo haikufunguka kwa sababu ilikuwa imefungwa kwa waya huu. Hilo ndilo aliloliona alipoinama. Waya haujifungi. Na asubuhi, alipofika kabla ya wageni, alimkuta mtu amepiga magoti palepale juu, koleo mkononi. Hakumjali, alidhani anasafisha. Mtu huyo ni mzee mwenye ovaroli la kijivu. Huyo aliyeungua viganja.

"Anasemaje?" Baba Mkubwa akauliza.

Watu wote humo ndani, wageni, wafanyakazi, ukoo, walikuwa wanamtazama mdomoni. Na hakuna hata mmoja ambaye angejua. Angesema vali ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Angesema ni hitilafu, mambo ya Mungu. Angekuwa Ulaya kidogo tu, kwa sentensi moja, baba yake akapona.

"Mwanangu," baba yake akaita. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, viganja vyake vimefungwa kwa kitambaa cha meza. "Tafsiri."

"Baba, hujui amesema nini."

"Waya ule naujua. Tafsiri yote, usiniachie neno."

Machozi yakamtoka, lakini sauti haikutikisika. Akatafsiri. Vali. Waya. Koleo. Akafika kwenye ovaroli la kijivu, akasema, "Anasema aliyeifunga ni baba yangu."

"Muuaji!" Baba Mkubwa akanguruma, na ukimsikiliza vizuri kulikuwa na furaha ndani ya mngurumo ule. "Ndugu yangu wa tumbo moja! Nimekulisha, nimekupa kazi, unataka kunilipua mbele ya wageni wangu! Mshikeni mtu huyu! Pigeni simu polisi!"

Baba yake Kasuku hakusimama. Alimtazama kaka yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuyainamisha macho.

"Mwanangu, ukalimani ni wa njia mbili, sivyo? Basi mpelekee mhandisi na maneno yangu. Mwambie ni kweli, nilifunga. Mwambie vali ilikuwa inapiga mluzi kwenye majaribio, na kuna mtu alisema haiwezekani ipige mluzi mbele ya wageni. Aliniambia nifunge. Nikafunga, kama ninavyofanya siku zote."

"Usitafsiri!" Baba Mkubwa akasema.

"Kwa nini asitafsiri?" mama wa maduka ya jumla akauliza.

"Kwa sababu ni uongo! Nani shahidi? Nani alisikia?"

"Mimi."

Watu wakageuka. Alikuwa Shangazi. Alikuwa amesimama, nywele zake fupi za mvi zikiwa wazi mbele ya watu wote, na hakujaribu kuzifunika.

"Nilikuwa nje ya mlango wa ofisi yako, kaka. Nilisikia ukimwambia, 'Funga waya, kama ile ya zamani.' Kama ile ya zamani. Tangu asubuhi neno hilo linanizunguka kichwani, nikajilazimisha kupiga makofi ili nisilisikie."

"Dada, kaa chini."

"Boila ya zamani ndiyo iliyomuua mume wangu. Alikuwa fundi wake. Mlinizika mimi naye siku ile, maana ulisema alikuja kazini amelewa. Watoto wangu wamekua wakiitwa watoto wa mlevi." Akamgeukia msichana ambaye saa ileile alikuwa amemcheka mbele ya umati. "Mwanangu, mimi sina lugha ya kumwulizia mzungu huyu. Wewe unayo. Mwulize: vali ikifungwa waya, boila ikipasuka, kuna haja ya fundi awe amelewa?"

Kasuku akageuka kwa mhandisi, akaanza kuuliza.

Alikuwa hajafika nusu ya swali aliposikia nyuma yake mlango mkubwa wa kiwanda ukifungwa, na Baba Mkubwa akisukuma komeo kwa ndani, mtu asitoke.